Kabla ya kugombana kuhusu kelele za ndege, tukubaliane kwanza tunapima nini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Najua hii ni ndefu lakini hili jambo nimekaa nalo moyoni muda mrefu, na juzi nilivosoma barua ya msomaji mwenzetu aliesema kwamba sisi tunaokaa jirani na uwanja wa ndege tukichoka na kelele basi tuhame, nikaona nikinyamaza tena ntakuwa najidhulumu mwenyewe na majirani zangu. Hakutukana mtu, aliandika kistaarabu kabisa, akasema uwanja tuliukuta, akasema ndege zinahitajika, na akamalizia kwamba kelele mtu anazizoea tu. Hayo mawili ya mwanzo naweza nikakubaliana nae nusu nusu. Hilo la kuzoea hapana.

Mi nakaa chini ya njia ya kutulia. Ndege ikiwa inashuka inapita juu ya paa letu matairi yashatoka, ukiwa uani unaona mpaka taa za tumboni, na kama ulikuwa unaongea na mtu mnasimama mnaangaliana mpaka ipite. Siichukii ndege, hilo liwe wazi. Majirani zangu kadhaa wanakula kwa uwanja huohuo, mmoja anapakia mizigo, mwingine fundi wa injini, na mimi nikisafiri napanda ndege kama watu wengine. Ninachotaka kusema leo ni kwamba sisi na uwanja tumevutana miaka yote hii kwa sababu hatujawahi kukaa chini tukakubaliana tunapima kitu gani. Wao wana namba zao, sisi tuna usingizi uliokatika katika, na hivo vitu viwili havijawahi kuwekwa meza moja.

Nianze na watoto. Siku moja nilienda shule ya jirani kumchukua mwanangu nikafika mapema, nikasimama mlangoni kusubiri kipindi kiishe. Mwalimu alikuwa anawasomea. Ndege ikaanza kusikika kwa mbali, mwalimu akanyanyua kidole kimoja juu, sentensi hajaimaliza, akanyamaza, na darasa zima likanyamaza nae. Vioo vya dirisha vikatetemeka, ikapita, akashusha kidole akaianza ile sentensi upya toka mwanzo. Dakika tatu nne hivi, kidole juu tena. Nilisimama pale labda robo saa nikaona kidole mara nne au tano. Na hakuna mtoto hata mmoja aliegeuka kuangalia dirishani, hiyo ndo iliniuma, manake mtoto kwa kawaida ndege ikipita anakimbilia dirishani. Hawa wameshaipanga ndani ya masomo yao kama nukta.

Sasa kuhusu kuzoea, naomba msomaji mwenzetu aifikirie hii ya Munich, Ujerumani. Mwaka 1992 uwanja wa zamani wa Munich ulifungwa na mpya ukafunguliwa sehemu nyingine kabisa, watafiti wakaona hapo ndo pa kupimia, wakawapima watoto wa pande zote mbili, wa karibu na uwanja unaofungwa na wa karibu na unaofunguliwa, mara moja kabla ya kuhama na mara mbili baada ya kuhama. Matokeo yakachapishwa 2002. Watoto wa kwenye uwanja mpya, kusoma kwao na kukumbuka kwao mambo kulishuka, na wale wa kwenye uwanja wa zamani ndege zilivoondoka wakapanda. Kwa hiyo hao wa mwanzo walikaa na ndege miaka na miaka na hawakuzoea lolote, walikuwa wanabeba tu, mzigo ulivotolewa ndo ikaonekana ulikuwa mzito kiasi gani. Mwaka 2005 ukaja utafiti mkubwa zaidi, watoto zaidi ya 2,800 wa miaka 9 na 10 kwenye shule za karibu na Heathrow ya London, Schiphol ya Amsterdam na Barajas ya Madrid, nao ukakuta jinsi kelele za ndege zinavozidi ndivo uelewa wa kusoma unavoshuka.

Na watu wazima vilevile. Kuna utafiti wa 2008 uliochukua watu karibu 5,000 wanaokaa jirani na viwanja sita vya Ulaya, ukakuta kelele za ndege za usiku zikipanda desibeli 10 (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti) uwezekano wa mtu kuwa na presha unapanda kama asilimia 14. Mwaka huohuo watafiti wa mradi huo wakawavalisha watu mashine za kupima presha wakiwa wamelala majumbani kwao, ndege ikipita presha inapanda hata kama mtu hajaamka. Yule anaesema mi nishazoea sizisikii tena, masikio yake yamezoea kweli, moyo wake haujazoea.

Sasa nije kwenye vipimo, na hapa naomba mnivumilie kidogo.

Kila mkiitwa kwenye mkutano na uwanja, wanakuja na ramani ina mistari ya rangi. Uliopo ndani ya mstari una kelele, ukiwa nje ya mstari huna. Ile mistari ni wastani. Kipimo kinachotumika sana Ulaya kinaitwa Lden, kinachukua kelele zote za siku kinazitandaza kwenye saa 24, za jioni zinaongezewa desibeli 5 na za usiku 10 kwa kuwa usiku zinaumiza zaidi, halafu inatoka namba moja ya mwaka mzima. Si kipimo kibaya, hata WHO, shirika la afya duniani, ilikitumia mwaka 2018 iliposhauri nchi za Ulaya kwamba kelele za ndege zisizidi desibeli 45 kwa kipimo hicho, na usiku zisizidi 40. Lakini hakuna mtu anaeamshwa na wastani. Mtu anaamshwa na ndege moja ya saa tisa usiku.

Halafu desibeli zenyewe hazijumlishwi kama kilo. Nguvu ya sauti ikiongezeka mara mbili, desibeli zinapanda 3 tu. Maana yake uwanja ukiongeza ndege mara mbili, zilezile za aina ileile, wastani kwenye ramani unapanda desibeli 3, mstari unasogea kidogo, ofisa anakwambia kwa roho safi kabisa kwamba mabadiliko ni madogo, na wewe huku chini unakatishwa maongezi mara mbili ya zamani. Hajakudanganya. Na wewe hudanganyi ukisema mambo yamekuwa mabaya sana. Ndo maana mnaondoka mkutanoni kila mtu anamuona mwenzake muongo.

Hiki kitu kilitokea Sydney, Australia, mchana kweupe. Njia ya tatu ya kurukia ndege ilifunguliwa Novemba 1994, watu walikuwa wameonyeshwa ramani za mistari kabla, walioona nyumba zao ziko nje ya mstari wakajua wamepona, ndege zilivoanza kupita juu yao ikawa balaa, maandamano, kamati ya seneti, na mwaka 1995 bunge likapitisha sheria ya kubana safari za ndege usiku kuanzia saa 5 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Lakini fundisho la Sydney nalolipenda zaidi lilikuja mwaka 2000, wizara ya usafiri ya huko ikakaa ikajiuliza tuwaambie watu nini ili waelewe, ikaja na kipimo cha kuhesabu tu: kwa siku ni ndege ngapi zitapita hapa kwako kwa sauti ya zaidi ya desibeli 70, ambayo ni kama ile inayokufanya ndani ya nyumba ukatishe maongezi madirisha yakiwa wazi. Hiyo mama yeyote anaielewa. Ukimwambia mtu utakuwa na ndege 40 za namna hiyo kwa siku na saa fulani mpaka saa fulani hakuna, anajua anaingia kwenye nini.

Nitasimulia na letu. Nina jirani yangu mzee mstaafu, mtaa mzima tunamwita Babu, usingizi wake ni mwepesi sana. Miaka michache iliopita tulikuwa tunaamshwa usiku kuanzia saa nane hivi mpaka kama saa kumi, tukalalamika kwenye ile namba ya simu, tukajibiwa malalamiko yako yamepokelewa. Tukaitisha mkutano, ofisa akaja na kompyuta yake akatuonyesha orodha, akasema usiku huo mnaosema hakuna ndege iliotua wala kupaa saa hizo. Watu wakamzomea. Mimi pia nilikasirika, nikijua tunafanywa wajinga.

Babu akasema sawa, tuandike. Akanunua daftari la mistari, akalipiga mistari mitatu ya kusimama kwa rula: saa, sauti ya namna gani, imechukua muda gani. Yeye anaandika kwake mimi naandika kwangu, asubuhi tunalinganisha. Usiku wa tatu wa nne hivi akaniita mwenyewe, akaniambia hebu njoo usikilize, angalia juu. Nikaangalia juu, hakuna taa hata moja. Sauti ilikuwa inatokea chini, nzito, imeshika palepale haisogei, unaisikia kifuani kuliko masikioni, inapanda, inashuka, inapanda tena. Ilikuwa injini inajaribiwa baada ya matengenezo, ndege yenyewe imesimama.

Tulivolipeleka lile daftari kwenye mkutano uliofuata, kijana mmoja injinia aliekaa nyuma hajasema kitu siku zote akaliomba. Akaenda kulilinganisha na kitabu cha karakana, saa zikaingia kama ufunguo na kufuli. Kumbe yule ofisa alikuwa anasema kweli, ndege hazikutua, na mitambo yao ilikuwa inahesabu ndege zinazotua na kupaa peke yake. Na sisi tulikuwa tunasema kweli. Haikupita miezi miwili, majaribio ya injini yakahamishiwa upande wa pili nyuma ya mahanga, yale majengo ya kuwekea ndege, na mwisho ukawekwa saa nne usiku. Hakuna kesi iliofunguliwa, hakuna maandamano. Daftari na mtu mmoja aliekubali kulisoma.

Naeleza haya yote kwa sababu watu wanafikiri ushirikiano ni uwanja kudhamini jezi za timu ya mtaa na kupanda miti siku ya mazingira. Hayo mazuri, waendelee. Ila kushirikiana kwenyewe ni pale jirani anapojua kitu ambacho mtambo haukijui na uwanja unakubali kukichukua kama data.

Na sio sisi tu tulioliona hilo. Pale Schiphol njia yao mpya inayoitwa Polderbaan ilianza kutumika 2003, watu wa mji wa jirani Hoofddorp wakaanza kusumbuliwa na mngurumo wa chini chini ndege zikiwa zinaanza kukimbia kupaa, ukuta wa kawaida hauzuii sauti nzito ya namna hiyo. Wakaazi wakagundua kitu cha ajabu, kila mashamba ya katikati yakishalimwa baada ya mavuno, mngurumo unapungua. Matuta ya udongo yalikuwa yanaivunja vunja sauti. Badala ya kuwacheka, wataalamu wakaenda wakapima, ikawa kweli, na mwaka 2013 ikafunguliwa bustani kubwa inaitwa Buitenschot, imejaa matuta marefu ya udongo yaliopangwa kwa hesabu, watu wanatembea na kuendesha baiskeli humo ndani huku yanakula kelele. Hakuna kompyuta ingetoa wazo hilo. Lilitoka kwa watu waliokuwa na uchungu wa kutosha kusikiliza kwa makini mwaka mzima.

Kingine ni ile filimbi ya Airbus A320, aina ya ndege ya abiria. Wanaokaa chini ya njia za ndege wanaijua, ndege inashuka inapiga mluzi mwembamba unaochoma kuliko hata injini. Ujerumani shirika la utafiti wa anga DLR na shirika la ndege Lufthansa walipima ndege zikipita juu, wakakuta mluzi unatoka kwenye matundu mawili ya duara chini ya bawa, matundu ya kupumulia ya tenki la mafuta, upepo ukipita juu yake unalia kama mtu anaepuliza mdomo wa chupa. Dawa yake kipande kidogo cha chuma kinachowekwa mbele ya tundu kuvuruga upepo. Kuanzia 2014 Lufthansa ikaanza kuzifunga ndege zake hivyo vipande, na kelele wakati wa kushuka ikapungua kwa hadi desibeli 4. Kipande cha ukubwa wa kiganja! Hivi ni viwanja vingapi duniani vinatoza ndege ada ya kutua bila hata kuuliza kama kipande hicho kipo?

Upande wa pili wa shilingi ni pale watu wanapofanyiwa maamuzi juu ya vichwa vyao. Phoenix, Marekani, Septemba 2014, mamlaka ya anga ya nchi ilibadilisha njia za kupaa zikafuata mstari wa setilaiti, watu wa mitaa ya zamani ya mji wakaamka wakakuta ndege moja nyuma ya nyingine ambazo jana yake hazikuwepo. Hii teknolojia mpya ya njia za setilaiti inaokoa mafuta na ni salama, ila zamani ndege zilikuwa zinatawanyika kidogo, huyu anapata mbili yule tatu, sasa zote zinapita kwenye uzi mmoja na walioko chini ya uzi wanabeba za wote. Mji ukaenda mahakamani, na 2017 mahakama ya rufaa ikaupa ushindi kwa sababu watu hawakushirikishwa inavotakiwa. Karibu miaka mitatu ya kuvutana kwa kitu ambacho kingeanza na mkutano wa wazi na ramani inayosomeka.

Narita ya Japani ni mbaya zaidi, sitaki hata kuirefusha. Serikali ilitangaza 1966 kwamba uwanja unajengwa kwenye mashamba ya watu bila kuongea na wakulima, ukafunguliwa 1978 baada ya mapambano yaliomwaga damu ya pande zote, polisi wamekufa na waandamanaji wamekufa, na ilichukua mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndo wakaanza kukaa meza moja kuzungumza.

Waliowahi kukaa mapema wameambulia. Vienna, Austria, walipotaka njia ya tatu ya kurukia, uwanja na miji ya jirani na vikundi vya wakaazi walikaa kwenye usuluhishi toka 2000 mpaka 2005, miaka mitano ya kuongea, wakasaini mkataba, na baada ya hapo wakaunda jukwaa la kudumu la mazungumzo ambalo linaendelea mpaka leo. Sio kwamba kila mtu alifurahi, wapo walioendelea na kesi. Frankfurt nao baada ya njia yao mpya ya kutulia kufunguliwa Oktoba 2011 watu walikuwa wanajaa ndani ya jengo la abiria kila Jumatatu jioni kupinga, mahakama ya juu ya utawala ikathibitisha 2012 marufuku ya ndege kuanzia saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri, halafu 2015 wakaja na mpango wa kupokezana njia saa za mwanzo na mwisho wa usiku ili kila mtaa upate masaa saba ya utulivu. Heathrow ndege zinapotua zikielekea magharibi wanabadilisha njia saa 9 alasiri, ratiba inatolewa kabla, jirani anajua wiki hii mchana ni zamu yangu ya utulivu wiki ijayo jioni. Kelele ya jumla haipungui hata kidogo kwa mpango huo, na bado watu wanaupenda, kwa sababu mtu akijua saa yake anaweza kumlaza mtoto au mgonjwa.

Moshi nao tusiusahau, manake kelele unaisikia, hewa huisikii. Kwetu ukifuta kizingiti cha dirisha kwa kitambaa cheupe asubuhi, jioni ukifuta tena kinatoka cheusi. Sitasema yote ni ya ndege, barabara kubwa iko karibu na malori yanapita, na mimi sina haki ya kumsingizia mtu, ndo maana nataka kipimwe. Mwaka 2014 watafiti walipima hewa upande unakoelekea upepo wa uwanja wa Los Angeles wakakuta chembechembe ndogo sana, zile ambazo jicho halizioni wala hazidondoki kwenye dirisha, ziko juu mara mbili ya kawaida mpaka umbali wa kilomita 16. Kilomita kumi na sita! Hao watu hata hawajijui kama ni majirani wa uwanja. Na vituo vingi vya kupimia hewa vinapima uzito wa vumbi, hizi chembechembe hazina uzito wa maana, zinahesabiwa kwa idadi, kwa hiyo kituo kinaweza kusema hewa safi wakati zimejaa. Ni yaleyale ya wastani.

Ndege ndogo za pangaboi nazo nyingi bado zinachoma petroli yenye madini ya risasi, ile ile tulioiondoa kwenye magari. Huko California kiwanja cha Reid-Hillview kiliacha kuuza mafuta hayo Januari 2022 baada ya watoto wa jirani kupimwa damu, na Oktoba 2023 mamlaka ya mazingira ya Marekani ikatamka rasmi kwamba risasi ya ndege hizo inahatarisha afya ya watu. Na povu la zimamoto la zamani lenye kemikali za PFAS limechafua maji ya ardhini kwenye viwanja vingi, kwa hiyo anaekunywa maji ya kisima jirani na uwanja aombe yapimwe, asisubiri kuambiwa.

Vingine havihitaji hata utafiti. Ndege ikiwa imesimama getini inawasha injini ndogo ya mkiani kupata umeme na hewa ya baridi, inanguruma na kutoa moshi saa zima, wakati unaweza kuichomeka umeme wa jengo kama unavochomeka friji. Zurich wamefanya hivyo siku nyingi, na toka 1997 wanatoza ndege chafu ada kubwa kuliko safi. Ndege kutembea kwenda njiani kwa injini moja, marubani kushuka kwa mteremko mmoja laini bila kukanyaga kanyaga mafuta njiani, kuchelewesha kidogo kutoa matairi panapokuwa salama, haya yanajulikana, yanapunguza kelele na mafuta kwa pamoja, yani hata mwenye ndege anafaidi.

Sasa na sisi tujiseme, manake nikiwalaumu wao tu sitakuwa nimesema kweli yote. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, toka 2001 lina utaratibu wake wa mambo manne, ndege ziwe za kelele ndogo, ardhi ya jirani ipangwe vizuri, ndege zirushwe kwa namna ya kupunguza kelele, na mwisho kabisa ndo kuzuia safari. Hilo la ardhi liko mikononi mwetu na mamlaka za mipango miji, na tumelichezea. Watu wanaruhusiwa kujenga mpaka kwenye mdomo wa njia, anaeuza nyumba anampeleka mnunuzi saa ambayo upepo umegeuza ndege upande wa pili, kimya kabisa, mnunuzi anaingia anashangaa. Nimeona na shule mpya inajengwa palepale chini. Kila ndege mpya inavokuja na kelele ndogo kuliko ya zamani, faida yake inaliwa na nyumba nyingine mia zilizosogea. Hapo uwanja ukisema tumechoka nao wana haki.

Ndo maana nataka meza ya kudumu. Yule injinia wetu alihamishwa, mikutano ikafa, tukarudishwa kwenye namba ya simu na malalamiko yako yamepokelewa. Tulikuwa na bahati ya mtu, hatukuwa na utaratibu. Meza ninayoomba iwe na mwenyekiti asieajiriwa na uwanja wala asiegombea kura kwetu. Wakae uwanja, wanaoongoza ndege, mashirika ya ndege, mipango miji, walimu, na wakaazi wa pande zote za njia pamoja na wale wa mbali, manake ukiisogeza njia kutoka kwangu lazima unampelekea mwenzangu na yeye awepo anasikia. Na kazi yao ya kwanza, kabla ya kujadili njia wala fidia, wakubaliane vipimo: mita za kelele zikae wapi, zihesabu na sauti za ardhini, idadi ya ndege kwa saa itolewe pamoja na wastani, hewa ipimwe kwa idadi ya chembechembe, na yote yawekwe wazi kila mwezi mtu ayaone kwenye simu yake. Mita moja naomba ikae shuleni, darasani kwa yule mwalimu wa kidole. Na jirani akilalamika aambiwe ilikuwa ndege gani, saa ngapi, kwa nini ilipita hapo, hata kama jibu ni kwamba rubani alikwepa mvua na hakuna cha kufanya. Jibu la namna hiyo watu wanalipokea, mi nawajua majirani zangu.

Na gazeti lenu mnaweza kusaidia, ombeni hizo namba mzichapishe kama mnavochapisha hali ya hewa.

Babu bado anaandika. Daftari la kwanza lilijaa, hili ni la tatu. Ukurasa wa mwisho ni wa usiku wa Jumanne iliopita, mwandiko wake ule wa kulala: saa nane na dakika kumi, sauti ya chini, nzito, haisogei, dakika ishirini na tano. Juu hakuna taa. Namuomba mtu yeyote wa uwanja anaesoma barua hii afungue kitabu cha karakana cha usiku huo aangalie.

Ni mimi msomaji wenu,
Mkaazi wa chini ya njia ya kutulia